Sasipensheni ya gari la mbio la wanafunzi: miguu ya Kirikuu, ekseli moja au mikono miwili?

Mkishapata injini ya pikipiki na mchoro wa chasisi, linabaki swali litakaloamua kama gari lenu litashika kona au litateleza nje: magurudumu yatashikwaje? Nawaandikia ninyi mlioko vyuoni Mbeya na Iringa, mnaotaka kuunda gari dogo la kiti kimoja kwa kanuni za Formula Student, mashindano ya vyuo ya kuunda magari ya mbio, mkitegemea maduka ya spea ya Mwanjelwa, mashine ya kukereza ya chuo au ya VETA, na fundi wa kuchomelea mnayemwamini. Ulinganisho huu ni wa hali hiyo. Nitaonyesha pia kwamba mpangilio mmoja unaodhaniwa kuwa wa timu za matajiri ndio unaotufaa zaidi sisi tusio na duka la springi karibu.

Njia ya mashindano inataka nini

Mashindano haya yalianza Marekani mwaka 1981 kwa jina la Formula SAE, na Formula Student ikafuata Uingereza mwaka 1998. Kanuni zao hazilazimishi mpangilio fulani. Zinataka shokapu mbele na nyuma, mwendo wa gurudumu usiopungua milimita 50 dereva akiwa ameketi, na umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma usiopungua milimita 1,525. Kisha gari huinamishwa ubavu hadi digrii 60, dereva mrefu kuliko wote akiwa ndani, na halitakiwi kupinduka.

Njia yenyewe ni ya kona tupu. Katika mbio ndefu za kilomita 22, mwendo wa wastani ni kati ya kilomita 48 na 57 kwa saa, na kona za kugeuka nyuma zina kipenyo cha nje cha mita 9 tu. Kwetu uzito wa jambo hili unaongezeka. Kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ya Mbeya ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam, na injini isiyo na turbo inapungukiwa nguvu karibu kwa kiasi hicho hicho siku zote za majaribio. Sekunde mnazoweza kuzipata ziko kwenye kona.

Kabla ya kulinganisha chochote, jambo moja lieleweke, kwa sababu nimelisikia likikosewa hata na watu waliosoma. Chukueni gari la kilo 280 pamoja na dereva, kitovu cha uzito kikiwa milimita 300 kutoka chini, na upana kati ya magurudumu ukiwa milimita 1,200. Likikata kona kwa g 1.3, yaani likisukumwa kando kwa mara 1.3 ya uzito wake, kilo 91 hivi zinahama kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje. Hakuna mpangilio unaopunguza kilo hizo kwa kiasi cha maana. Springi laini hazizipunguzi, wala ngumu haziziongezi. Kinachozipunguza ni kupunguza uzito, kuushusha karibu na ardhi, au kupanua gari, basi. Kazi ya sasipensheni ni kuamua kilo hizo zigawanyike vipi kati ya mbele na nyuma, na tairi lililolemewa likanyage lami kwa pembe gani.

Pembe hiyo ndiyo kemba, yaani kulala kwa tairi kuelekea ndani au nje. Gari likilala ubavu digrii 1.5 kwenye kona, kila gurudumu la gari hili linasogea milimita 16 hivi, moja juu na jingine chini. Swali la kuuliza kila mpangilio ni hili: katika hizo milimita 16, tairi la nje limepoteza digrii ngapi?

Miguu ya mbele ya Kirikuu

Hili ndilo wazo linalovutia kuliko yote, na nalielewa. Unanunua mguu mzima wa mbele wa Suzuki Carry iliyokatwa: shokapu na springi yake, habu, beringi, breki, bolijointi na mkono wa chini, vyote vilivyozoeana kiwandani. Rimu zake za inchi 12 zinakubalika, kwa kuwa kanuni zinaanzia inchi 8. Ni mguu wa aina aliyoibuni Earle MacPherson, ambayo magari ya Ford ya Uingereza yaliitumia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa sababu ina vipande vichache na inaacha nafasi kwa injini.

Sifa zake ni za kweli. Wanaofuatilia mbio za magari Iringa wameona Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution zikipiga makorongo kwa mguu wa mbele wa aina hiyo hiyo. Una mwendo mrefu, unavumilia kupigwa, na kila fundi anaujua. Kama mnataka kuunda gari la vumbi la kupita mashamba ya Uyole, chukueni huo na msisome zaidi.

Kwa gari la lami la kiti kimoja, unakwama sehemu mbili. Kwanza ni urefu. Kichwa cha shokapu kinafika juu kabisa ya tairi, ilhali pua ya gari lenu iko chini ya hapo. Itabidi mjenge mnara wa paipu kila upande kwa ajili ya kukishikilia tu, yaani chuma kinachoongezwa mahali pabaya kuliko pote. Pili ni kemba. Mguu huu unarudisha kemba kidogo sana gurudumu linapopanda, na ukishushwa ili gari liwe chini, mkono wa chini unainuka kwa nje na tairi linaweza kuanza kupoteza hata kile kidogo. Ongezeni uzito wa habu iliyoundwa kubeba mzigo wa viazi, uzito ambao haukai juu ya springi bali unaruka pamoja na tairi.

Nisingeuchagua. Lakini timu yenye miezi mitatu tu na isiyo na mtu wa kukereza naishauri iutumie kuliko kuunda mikono mibovu.

Ekseli moja ngumu

Ekseli nzima inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia inadharauliwa bila haki. Gari likilala ubavu, ekseli hailali nalo. Matairi yote mawili yanabaki wima juu ya lami. Katika zile milimita 16, upotevu wa kemba ni karibu sifuri. Hakuna mpangilio mwingine hapa unaoweza kusema hivyo. Paipu moja, fimbo nne za kuishika isiende mbele wala nyuma, na fimbo moja ya kuizuia isiende kando, na kazi imekwisha.

Ubaya wake unaonekana lami inapokuwa na kiraka. Tairi moja likipanda, jingine linalala kwa sababu yake. Uzito wote wa paipu na habu uko chini ya springi, na kwa gari la kilo 280 huo ni uzito mkubwa. Nyuma kuna jambo la cheni pia. Sproketi ya injini imefungwa kwenye chasisi na ya nyuma iko kwenye ekseli. Ekseli ikipanda na kushuka, cheni inalegea na kukaza, isipokuwa fimbo za ekseli ziwe na egemeo karibu sana na sproketi ya mbele kama ilivyo kwenye pikipiki. Egemeo hilo likishapangwa na cheni, hamna tena uhuru wa kupanga kitu kingine.

Naiweka nafasi ya pili. Kwa njia laini na timu ndogo, ni chaguo la heshima, na mkieleza sababu zenu vizuri, majaji wa ubunifu, walio na alama 150 kati ya 1,000, watawasikiliza.

Mkono wa kuburuza kama wa nyuma ya bajaji naupitia haraka. Ni mwepesi na rahisi, lakini tairi linalala sawasawa na gari: digrii 1.5 za mlalo ni digrii 1.5 za kemba iliyopotea. Kwa mashindano ya kona, hapana.

Mikono miwili isiyolingana

Mkono wa juu mfupi, wa chini mrefu, kila mmoja una umbo la herufi A, na katikati yake kuna apraiti inayobeba beringi na habu. Nendeni gereji yoyote penye Mark II GX100 au Altezza iliyoinuliwa kwa jeki, mkaangalie chini. Magari hayo yana mikono ya namna hii mbele na nyuma. Gurudumu linapopanda, mkono wa juu, kwa ufupi wake, unavuta kichwa cha tairi ndani.

Hapa mbuni ndiye anayechagua. Mkiongeza mistari ya mikono miwili kuelekea ndani mpaka ikutane, umbali wa makutano hayo kutoka kwenye tairi unawaambia kemba inarudi kwa kasi gani. Ukiwa milimita 1,500, basi zile milimita 16 zinarudisha digrii 0.6 hivi, na tairi la nje linapoteza 0.9 tu badala ya 1.5. Mkilianza likiwa limelala ndani digrii 1.5, bado lina akiba. Mkiupunguza umbali huo sana ili mrudishe kemba yote, mnalipa kwenye breki: pua ikizama, matairi yote ya mbele yanalala ndani na yanashika kwa ukingo. Mimi ningebaki kati ya milimita 1,300 na 1,800 mbele, mkono wa juu ukiwa kama robo tatu ya urefu wa ule wa chini, halafu nipime.

Gharama yake ni kazi ya mikono. Mikono minane, ncha zisizopungua 24, na kila sikio la kwenye chasisi, yaani kishikio cha kufungia mkono, likae mahali pake kwa usahihi. Tengenezeni jigi ya pleti na bolti, yaani kiunzi cha kushikilia vipande mahali pake, kabla ya kuchomelea mkono wa kwanza, la sivyo wa kushoto na wa kulia hautalingana. Tumieni paipu isiyo na mshono, wala si ya galvanaizi. Zinki ikiungua inatoa moshi wa sumu na weldi inabaki na vitundu.

Ncha nazo zinahitaji neno. Timu nyingi hununua rodi endi, yaani ncha yenye beringi ya duara na mkia wa uzi, hufunga uzi wake kwenye mkono wa chini upande wa apraiti, halafu hurekebisha kemba kwa kuizungusha. Wakati wa breki, uzi ule unapigwa kwa kupindwa, na uzi haukuundwa kupindwa. Unakatika kwenye mzizi wa nati, na gurudumu linakwenda zake. Upande huo kerezeni kikombe cha kubeba beringi ya duara, au tumieni bolijointi ya gari dogo iliyo nzito lakini ya kuaminika, na kemba irekebishwe kwa vipande vya bati kati ya apraiti na kishikio cha juu. Rodi endi zibaki upande wa chasisi, zinakovutwa na kusukumwa tu.

Shokapu ikae wapi

Hapa ndipo penye uamuzi wa kweli. Mkishakubali mikono miwili, kuna njia tatu: shokapu moja kwa moja kutoka mkono wa chini hadi chasisi, pushrodi, yaani fimbo inayosukuma roka (kipande kinachozunguka kwenye egemeo na kuibana shokapu) iliyo juu ya chasisi, au pulrodi, fimbo inayovuta roka iliyo chini.

Ushauri wa kawaida kwa gari la kwanza ni shokapu ya moja kwa moja, kwa sababu ina vipande vichache. Kwa timu inayoweza kuagiza springi yoyote na ikaipata baada ya siku mbili, ushauri huo ni mzuri. Kwetu unageuka kuwa mtego.

Ugumu unaofika kwenye gurudumu ni ugumu wa springi mara mraba wa uwiano wa mwendo, yaani springi inasogea milimita ngapi kwa kila milimita moja ya gurudumu. Shokapu iliyofungwa kwenye theluthi mbili ya mkono na kulala digrii 45 ina uwiano wa 0.47. Mkitaka niutoni 20 kwa milimita kwenye gurudumu, mnahitaji springi ya niutoni 90 kwa milimita. Itafuteni hiyo Mwanjelwa. Mkiikosa, hamna pa kugeukia, maana kubadili uwiano ni kukata mkono na masikio yake. Tena, gurudumu likitembea milimita 50, shokapu inatembea 24 tu. Mafuta ndani yake hayapati nafasi ya kufanya kazi. Na kwa kuwa imekaa katikati ya mkono, inaupinda mkono ambao ulifaa kuvutwa na kusukumwa tu.

Kwa roka, uwiano mnauchora wenyewe. Kwa 0.8, springi ya niutoni 31 kwa milimita inawapa zile 20, na shokapu inatembea milimita 40. Lakini faida kubwa ni hii: roka ni vipande viwili vya pleti ya chuma, beringi mbili na bolti tatu. Inakatwa kwa grainda asubuhi na inafungwa mchana. Mkipata shokapu za pikipiki zenye springi ya 40, mnachora roka ya 0.6 na gurudumu linapata 14.4, mkiona ni laini mno, mnakata roka ya 0.8 na springi ile ile inatoa 25.6. Kwa gurudumu moja linalobeba kilo 55 za gari juu ya springi, hayo ni mapigo 2.6 na 3.4 ya kupanda na kushuka kwa sekunde, na kati ya hapo ndipo magari mengi ya aina hii yanapokaa. Mahali ambapo springi ni adimu na pleti ipo kila kona, roka ndiyo duka letu la springi. Ndiyo maana naisimamia kwa moyo wote, ingawa wengi huiona kama pambo.

Springi ya kuokota haina karatasi ya vipimo, lakini kuipima ni rahisi. Isimamisheni ndani ya paipu ya kuiongoza, pimeni urefu, wekeni juu yake mfuko wa saruji wa kilo 50, pimeni tena. Ikishuka milimita 20, ni ya niutoni 24.5 kwa milimita. Ongezeni mfuko wa pili muone kama inashuka kwa kiasi kile kile. Isiposhuka sawa, inaongeza ugumu kadiri inavyobanwa, na hesabu yenu ya roka ianze upya. Shokapu za pikipiki za kawaida hazina kirekebishi cha mafuta, na huo ni upungufu usiofichika. Timu zenye fedha hufunga Öhlins TTX25 au shokapu za baiskeli za milimani. Chasisi iachieni nafasi na bolti za kuzipokea siku ufadhili utakapopatikana. Kwa roka, kubadilisha aina ya shokapu hakugusi mikono hata kidogo.

Kati ya pushrodi na pulrodi, televisheni isiwaamulie. Adrian Newey, mbuni wa magari ya Formula 1, aliweka pulrodi nyuma ya Red Bull RB5 mwaka 2009 ili ashushe mitambo na kuufungulia upepo njia ya kupita; kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa, upepo huo hauwahusu. Pulrodi ina faida moja halali hata kwetu: uzito unashuka, na fimbo inayovutwa inaweza kuwa nyembamba, kwa kuwa haiwezi kujikunja kama ile inayosukumwa. Lakini roka zake zinakaa sakafuni, penye vumbi na kokoto, na kila mkibadilisha mtalala chini ya gari. Ninyi mtabadilisha roka mara nyingi. Chagueni pushrodi mbele na nyuma, paipu yake iwe na kipenyo cha kutosha isijikunje, na ncha ya chini ishike mkono karibu kabisa na kiungo cha apraiti. Nyuma, ambako difu na sproketi vimejaza nafasi ya chini, pushrodi ndiyo inayoingia bila ugomvi.

Kabla ya kuchomelea masikio

Mpangilio mzuri unaweza kuharibiwa na fimbo moja ya usukani. Ikiwa fimbo hiyo, tairodi, haizunguki kwa upinde mmoja na mikono, gurudumu linajigeuza lenyewe kila linapopanda, na dereva anapambana na gari kwenye kila kiraka. Nyuma ni vivyo hivyo kwa ile fimbo inayozuia apraiti isigeuke. Huko ni hatari zaidi, kwa sababu hakuna usukani wa kuirekebisha.

Anzeni na plaiwudi ya Mufindi. Choreni nusu ya mbele kwa ukubwa wake halisi, kateni mikono, apraiti na tairodi kwa mbao nyembamba, mpigilie kila kiungo kwa msumari mmoja, kisha pandisheni gurudumu milimita 25 na kulishusha 25. Tairodi ya mbao ikikataa kufika au ikizidi, raki ya usukani, yaani reli yenye meno inayosukuma tairodi, iko juu mno, chini mno, au ni fupi.

Baadaye, chasisi ikiwa imesimama juu ya stendi na masikio yameshikwa kwa nukta za weldi tu, ondoeni springi, fungeni taa ya leza kwenye apraiti ielekee mbele, na mwangaza upige ukuta ulioko mita 5. Pandisheni gurudumu kwa jeki. Nukta itapanda pamoja nalo, hilo ni sawa. Ikihama milimita 9 kando, gurudumu limejigeuza moja ya kumi ya digrii, na hapo mnaweza kuendelea. Ikihama milimita 40, vunjeni zile nukta za weldi, sogezeni raki, mpime tena.